Kansere kali ya ubongo: mikro-ARN ni nini, na kupima damu kumefikia wapi?

Mutu wa miaka 50 na kitu, mwenye hajapata kifafa tangu kuzaliwa, anaanguka asubuhi moja akiwa anafunga viatu. Familia inaanza kutafuta sababu. Mumoja anasema malaria, mwingine anasema bulozi, mwingine anasema ni mawazo mengi. Kisha wiki kadhaa, skaneri inaonyesha kitu kimekaa ndani ya ubongo. Hapo swali linatoka, na ni lile lile kila fasi, Bukavu ao Paris: “Dokta, hamuwezi kupima damu tu mukajua ni nini?”

Jibu la leo ni hapana. Lakini tangu miaka karibu 20 watafiti wanaitafuta hiyo njia ya damu, na mbele ya ile kansere kali zaidi ya ubongo, yenye inaitwa glioblastoma, moja kati ya vitu vyenye vinawapa tumaini ni kidogo sana: mikro-ARN. Hapa chini kunafasiriwa ni kitu gani, sababu gani kinaongelewa sana, na sababu gani hakiyafika bado kwenye meza ya muganga.

Glioblastoma ni ugonjwa gani?

Glioblastoma ni kansere yenye inaanzia mu ubongo wenyewe. Haitoke kwenye mapafu ao kwenye ziwa na kupanda mu kichwa, kama kansere zingine zinavyofanya. Inazaliwa katika chembe zenye kazi yake ni kusaidia na kulinda zile chembe zingine zenye mutu anatumia kufikiri, kusema na kutembea. Shirika la Afya Duniani, OMS, linaiweka kwenye daraja la 4, daraja la juu kabisa la ukali. Kati ya kansere kali zenye zinaanzia mu ubongo wa watu wazima, hii njo inaonekana mara nyingi zaidi.

Hata hivyo, haiko ugonjwa wa watu wengi. Katika inchi zenye zinahesabu kansere muzuri, kama Marekani, kila mwaka inashika watu karibu 3 kwa kila watu 100 000. Inaweza kushika kijana, lakini inaonekana zaidi kwa watu wenye wamepita miaka 50. Haiambukize. Kwa wagonjwa walio wengi haitoke kwenye urithi wa familia. Na hakuna jirani wala shangazi mwenye aliituma.

Ukali wake unatoka wapi? Chembe zake zinapenya ndani ya ubongo wenye afya sawa vile mizizi ya majani mabaya inapenya shambani. Muganga mwenye kupasua anaondoa donge lenye anaona, lakini mizizi inabaki. Kisha miezi, majani yanaota tena.

Katika mwaka wa 2005, utafiti mukubwa wa wagonjwa 573 wa Ulaya na Kanada ulionyesha namna ya kutibu yenye inafuatwa mpaka leo: kupasua kwanza, kisha mionzi (radioterapi) kwa wiki sita pamoja na dawa yenye inaitwa temozolomide, kisha kuendelea na hiyo dawa kwa miezi. Kwa wale wenye walipata mionzi peke yake, nusu waliishi zaidi ya miezi 12,1. Kwa wale wenye walipata mionzi na dawa, nusu waliishi zaidi ya miezi 14,6. Kisha miaka miwili, wenye walikuwa wangali hai walikuwa karibu 10 kwa 100 katika kikundi cha kwanza, na karibu 26 kwa 100 katika kikundi cha pili. Ni maendeleo, lakini ni madogo. Njo maana watafiti wanatafuta kila njia ya kujua ugonjwa mapema na kuufuata karibu.

Sababu gani kujua ni kazi ngumu?

Kansere ya ziwa inaweza kuguswa na mukono. Ya ubongo imefichwa nyuma ya mufupa. Picha ya skaneri, na zaidi picha ya IRM, inaonyesha kama kuko kitu, na inaonyesha ukubwa wake. Lakini picha peke yake haitoshe kusema jina la kile kitu. Ili kulijua kwa hakika, inaomba kutoboa mufupa wa kichwa, kukata kipande kidogo na kukipima kwenye mikroskopi. Hiyo njo biopsi.

Biopsi haiwezi kufanywa kila mwezi. Ina hatari ya kutoka damu, na inaomba muganga mwenye alisomea kupasua ubongo. Sasa mugonjwa mwenye anatibiwa, nani atajua kama kansere inalala ao inaamuka? Hapo njo watafiti wanatafuta “alama ya ugonjwa”: kitu chenye kinaweza kupimwa kwa urahisi na kuonyesha mambo yenye kupita ndani. Sukari mu damu ni alama ya diabete. Kwa glioblastoma, hakuna alama ya damu yenye imekubaliwa mpaka leo.

Mikro-ARN: bariere ndani ya chembe

Ili kuelewa mikro-ARN, inafaa kuangalia kwanza namna chembe ya mwili inafanya kazi. Ndani ya kila chembe kuko ADN, yenye iko sawa na kitabu kikubwa cha maagizo. Kitabu hicho hakitoke mu ofisi. Wakati chembe inahitaji kutengeneza kitu fulani, inanakili ukurasa mumoja tu. Ile nakala inaitwa ARN ya mujumbe. Iko sawa na barua yenye motari anabeba kutoka ofisi mpaka kiwanda. Kiwanda kinasoma barua na kutengeneza proteini, na proteini njo zinafanya kazi za mwili.

Mikro-ARN nazo zinanakiliwa kutoka kitabu kile kile, lakini hazibebe barua. Kazi yake ni kuweka bariere barabarani. Ni kamba fupi sana, yenye herufi karibu 22 tu, wakati barua ya kawaida inaweza kuwa na herufi maelfu. Mikro-ARN inajishikamanisha na barua yenye herufi zinapatana nayo, na hapo barua inasimamishwa ao inapasuliwa. Kiwanda hakipate agizo, proteini haitengenezwe. Mikro-ARN moja inaweza kusimamisha barua za namna makumi, hata mamia. Mu mwili wa mutu kuko namna za mikro-ARN mamia na mamia, na kila moja inapewa jina na namba: miR-7, miR-21, miR-124.

Hadisi ya kugunduliwa kwake ilianza na munyoo mudogo wa udongo, wenye urefu wa milimetre moja. Katika mwaka wa 1993, huko Marekani, Victor Ambros na Gary Ruvkun, kila mumoja na kikundi chake, walionyesha kama jeni moja ya ule munyoo haitengeneze proteini yoyote: inatengeneza kakamba kafupi kenye kanazuia jeni ingine. Wanasayansi wengi walifikiri ni mambo ya minyoo tu. Katika mwaka wa 2000 kikundi cha Ruvkun kilipata mikro-ARN ingine, let-7, yenye iko kwa wanyama wengi na kwa mutu pia. Hapo watu walianza kuangalia muzuri. Katika mwaka wa 2024 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya uganga.

Ndani ya glioblastoma, bariere zimewekwa vibaya

Katika mwili wenye afya, bariere ziko fasi yake. Katika kansere, zingine zimezidi na zingine zimeondolewa.

Yenye inaongelewa zaidi ni miR-21. Katika mwaka wa 2005, watafiti Jennifer Chan, Anna Krichevsky na Kenneth Kosik, huko Marekani, walionyesha kama miR-21 iko nyingi sana katika glioblastoma. Walipoizuia mu labo, chembe za kansere zilianza kufa. Namna gani? Chembe yenye imeharibika kwa kawaida inapokea agizo la kujiua yenyewe, ili isisumbue mwili. Inaonekana miR-21 inasaidia kusimamisha hizo barua njiani. Chembe mbaya haipate habari ya kufa, na inaendelea kuishi.

Ingine ni miR-10b. Mu ubongo wenye afya karibu haionekane, lakini mu glioblastoma inapatikana kwa wingi. Kwa mutu mwenye anatafuta alama, hiyo ni habari muzuri: kitu chenye hakikupaswa kuwa fasi fulani, na kiko pale.

Upande wa pili kuko zile zenye zimepunguka. miR-124 ni ya kawaida sana katika chembe za fikira zenye zimekomaa. Katika mwaka wa 2008 watafiti wa San Francisco walionyesha kama miR-124 na miR-137 zinapunguka katika kansere kali za ubongo, na kama zikirudishwa ndani ya chembe za kansere mu labo, chembe zinaacha kuzaana. Mwaka ule ule, watafiti wengine wa Marekani walionyesha kama miR-7, yenye kwa kawaida inazuia barua moja ya ukuaji yenye inaitwa EGFR, nayo imepunguka. Bariere imeondolewa, barua za “kua, kua” zinapita zote.

Kutoka ubongo mpaka mu damu

Kama mikro-ARN zingebaki ndani ya donge tu, hazingesaidia sana, kwa sababu ingeomba kupasua ili kuzipima. Lakini katika mwaka wa 2008 mambo mawili yalijulikana.

La kwanza: watafiti wa Seattle, Marekani, walionyesha kama mikro-ARN zinatembea mu damu, inje ya chembe, na zinavumilia. ARN ya kawaida inaharibika mbio sana. Mikro-ARN za mu damu zilikaa siku nzima bila frigo, na kiasi chake karibu hakikubadilika. Walifanya utafiti huo kwa kansere ya prostate, lakini mulango ulifunguka kwa kansere zote.

La pili: watafiti wa Boston walionyesha kama glioblastoma inatupa inje vifuko vidogo sana, vyenye vimejaa ARN, na kama vifuko hivyo vinaweza kupatikana mu damu ya mugonjwa. Walitafuta alama moja ya kansere, yenye haiko mikro-ARN, ndani ya vifuko vya wagonjwa 25, na waliipata kwa 7. Namba hiyo inafundisha mambo mawili kwa mara moja: inawezekana, lakini wagonjwa 18 walikuwa nayo kansere na damu haikusema.

Katika mwaka wa 2012, huko Boston tena, watafiti walipima maji yenye yanazunguka ubongo na uti wa mugongo, yale yenye yanatolewa kwa kutoboa mugongo. Walikuta miR-10b na miR-21 zimepanda kwa wagonjwa wa glioblastoma na kwa wale wenye kansere ingine ilikuwa imepanda mu ubongo. Lakini kikundi kingine cha mikro-ARN, miR-200, kilipanda tu kwa wale wenye kansere yao ilitoka fasi ingine ya mwili. Kwa hiyo mikro-ARN kadhaa pamoja zinaweza siku moja kusaidia kujua kansere ilianzia wapi.

Njia ya kupima haiko ya ajabu. Mara nyingi ni PCR, ile ile njia yenye watu wa Beni, Butembo, Mangina na Mambasa walisikia sana wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020. Virusi vya Ebola ni ARN, na mashini ya PCR ilikuwa inatafuta herufi zake mu damu. Kwa mikro-ARN, mashini inatafuta herufi zingine. Lakini kuko tofauti moja kubwa. Kwa Ebola, swali ni “iko ao haiko?”, kwa sababu mutu mwenye afya hana kirusi hata kimoja. Kwa mikro-ARN, kila mutu anazo. Swali linakuwa “ziko ngapi, na ngapi ni nyingi sana?” Hapo njo kazi inakuwa ngumu.

Sababu gani hospitali hazizitumie bado

Wazee wanasema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini si kila wingu linaleta mvua, na shida ya kwanza ya mikro-ARN ni hiyo. miR-21 inapanda katika glioblastoma, ni kweli. Inapanda pia katika kansere ya ziwa, ya mapafu na ya utumbo mukubwa, na hata katika magonjwa yenye hayako kansere, yenye yanaleta uvimbe mu mwili. Mutu akikutwa na miR-21 nyingi, muganga hajue bado inatoka wapi.

Shida ya pili ni damu yenyewe. Chembe nyekundu za damu zimejaa mikro-ARN zake, kama miR-451 na miR-16. Kama damu ilitolewa vibaya, ao ilitikiswa sana njiani, chembe nyekundu zinapasuka na kumwaga vyote inje. Labo inapima, inaona namba imepanda, kumbe ni chupa ya damu yenye iliharibika. Mutu yeyote mwenye anajua barabara za kutoka vijijini mpaka mujini anaelewa haraka hatari hiyo.

Shida ya tatu: labo hazipatane. Moja inapima maji ya damu yenye iliganda, ingine inapima damu yenye haikuganda, ya tatu inapima vifuko tu. Kila moja inalinganisha na kitu chake. Tafiti nyingi zilifanywa na wagonjwa wachache, na wengi wao ni wa Marekani, Ulaya na Asia. Orodha ya mikro-ARN yenye labo moja inasifu, labo ingine haiipate. Mpaka leo hakuna namba moja yenye wote wanakubali kusema: “juu ya hapa ni ugonjwa, chini ya hapa ni afya”.

Hesabu ya watu 100 000

Hata kama shida hizo zote zingeisha, kuko hesabu moja yenye inaonyesha sababu gani kipimo hicho hakiwezi kutumiwa kwa kila mutu mwenye kichwa kinauma.

Tuseme kuko kipimo kizuri sana. Kinapata wagonjwa wote, na kati ya watu 100 wenye hawana ugonjwa kinakosea kwa 5 tu. Muji wa watu 100 000 unapimwa wote. Katika mwaka, wenye glioblastoma ni karibu 3. Kipimo kinawapata wote watatu. Lakini kati ya wale 99 997 wenye kubaki, kinakosea kwa 5 kwa 100, maana yake karibu watu 5 000. Kwa hiyo watu 5 003 wataambiwa “labda una kansere ya ubongo”, na 3 tu njo wanayo. Wale wengine 5 000 watauza mbuzi, pikipiki na kiwanja juu ya kutafuta IRM bure. Hata kipimo kikikosea kwa mutu 1 tu kwa 100, bado watu 1 000 wataogopeshwa bure.

Hesabu hiyo inafaa kwa kila kipimo cha ugonjwa wenye kushika watu wachache, hata kiwe na jina la namna gani.

Fasi yenye mikro-ARN zinaweza kusaidia kweli

Hiyo haimaanishe kazi ya watafiti ni bure. Inaonyesha fasi yenye inafaa kuelekea: kwa mugonjwa mwenye anajulikana tayari, wala si kwa muji muzima.

Mufano muzuri ni jambo lenye linapita kisha mionzi. Mugonjwa anamaliza wiki zake sita. Katika miezi ya kwanza anapigwa IRM, na picha inaonyesha donge limekua. Familia inalia. Lakini kwa wagonjwa fulani haiko kansere: ni uvimbe wenye mionzi yenyewe ilileta, na kisha wiki ao miezi unapunguka peke yake. Picha mara nyingi haiwezi kutofautisha. Muganga akikosea upande mumoja, anaacha dawa yenye ilikuwa inafanya kazi. Akikosea upande ule mwingine, anaacha kansere ikue. Kama kipimo cha damu kingekuwa kinafanywa kila mwezi kwa mugonjwa yule yule, namba yake ya leo ingelinganishwa na yake ya jana, si na ya mutu mwingine. Hapo mikro-ARN kadhaa zikipimwa pamoja zinaweza kusaidia. Tafiti nyingi za sasa zinaenda upande huo.

Kuko pia alama moja yenye ilifaulu safari hiyo. Inaitwa MGMT. Ni jeni yenye inatengeneza kile temozolomide inaharibu mu kansere. Kwa wagonjwa fulani jeni hiyo imefungwa, na dawa inafanya kazi muzuri zaidi. Katika mwaka wa 2005 ilionyeshwa kama, kati ya wagonjwa wenye jeni imefungwa, nusu ya wale wenye walipata mionzi na temozolomide waliishi zaidi ya miezi 21,7, na nusu ya wale wenye walipata mionzi kwanza bila dawa hiyo waliishi zaidi ya miezi 15,3. Leo waganga wa inchi nyingi wanaipima, kwa sababu jibu lake linasaidia kuchagua matibabu. MGMT inapimwa kwenye kipande cha biopsi, haipimwe mu damu. Mikro-ARN nazo zitapaswa kuonyesha jambo kama hilo: si tu “namba imepanda”, lakini “namba imepanda, kwa hiyo mugonjwa atibiwe hivi”.

Kutumia mikro-ARN kama dawa nako kunajaribiwa, na kunaomba kuenda polepole. Jaribio la kwanza la kuwapa wagonjwa wa kansere mikro-ARN yenye ilitengenezwa, miR-34a, lilisimamishwa katika mwaka wa 2016 kwa sababu miili ya wagonjwa fulani iliikataa kwa ukali.

Kwa mutu wa Kivu, Ituri ao Tanganyika

Kuumwa kichwa peke yake mara nyingi haiko kansere. Dalili zenye zinaomba kuenda hospitali bila kungoja ni hizi:

– kifafa cha kwanza kwa mutu mukubwa;
– kichwa chenye kinauma zaidi asubuhi, kinazidi wiki kwa wiki, pamoja na kutapika;
– mukono ao muguu wa upande mumoja wenye unapoteza nguvu;
– kushindwa kusema, ao kuona vibaya;
– tabia yenye inabadilika mbio bila sababu.

Dalili hizo zinaweza kutoka kwa magonjwa mengine, na mengi kati yao yanatibiwa: malaria ya ubongo, meninjite, tuberkulozi ya ubongo, minyoo ya nguruwe yenye inapanda mu kichwa, ao toksoplasmose kwa mutu mwenye virusi vya ukimwi. Tuberkulozi na toksoplasmose zinaweza kuonekana kwenye skaneri sawa na kansere. Njo maana kusema “ni kansere” bila kupima hayo yote ni hatari: mutu anaweza kukufa na ugonjwa wenye dawa yake iko mu hospitali ya jirani.

Wakati wa kungoja, dawa za kuzuia kifafa na dexamethasone zinaweza kupunguza mateso, kwa sababu dexamethasone inashusha uvimbe wa ubongo. Lakini haitibu kansere, na haifai kuinunua mu farmasi bila muganga wala kuiacha kwa mara moja.

Familia yenye inavuka mupaka kutafuta radioterapi, Kigali ao Kampala, ibebe CD ya picha pamoja na karatasi ya matokeo. Kama biopsi ilifanywa, iombe pia kile kipande chenye kimehifadhiwa ndani ya nta. Kinadumu miaka, kinaweza kupimwa tena bila kupasua mugonjwa mara ya pili, na hata mikro-ARN zinabaki ndani yake.

Na mutu akiambiwa mu soko, mu telefone ao mu chumba cha maombi kama kuko kipimo cha damu, ao mashini ya kushika na mukono, yenye inaonyesha kansere ya ubongo kwa dola kadhaa, ashike franga zake. Wale wenye waligundua mikro-ARN walipewa Nobel, na hata katika labo zao kipimo hicho hakiko tayari. Hizo franga zinaweza kulipa safari ya kuenda kwenye skaneri, na kwa leo skaneri njo inafungua mulango wa kwanza.